Kadi Aliyotuchagulia Komeo

Dada yangu mkubwa ana kazi ambayo ilimchukua mama yetu miaka kuielewa. Husimama mlangoni. Mlango wenyewe ni wa launji ya uwanja wa ndege, kile chumba chenye zulia na makochi ambamo abiria wenye kadi fulani za benki huingia wakanywa chai bure, huku wenzao wamebanana nje kwenye viti vya chuma. Yeye yuko nyuma ya kaunta yenye kimashine kidogo. Anapokea kadi yako na pasi ya kupandia ndege, anapitisha kadi, taa ikiwaka kijani anakukaribisha, ikiwaka nyekundu anakupa pole. Miaka kumi na tisa sasa. Wenzake wanamwita Komeo, na yeye huitika jina hilo bila kununa.

"Sasa wewe ni bosi wa nini pale?" mama alimuuliza siku moja.

"Si bosi, mama. Naangalia nani anaruhusiwa kuingia."

"Askari?"

"Wala si askari."

"Basi wewe ni mwenye nyumba," mama akakata shauri, na tangu hapo akawa anawaambia majirani kwamba bintiye ana nyumba uwanja wa ndege.

Komeo hajawahi kupanda ndege hata mara moja. Kadi yake mwenyewe ni ile ya kutolea mshahara, ambayo nadhani mashine yake isingejisumbua hata kuiwashia taa nyekundu. Lakini kadi za watu anazijua nje ndani. Anajua ipi inaruhusu mgeni mmoja na ipi wawili. Anajua ipi ina bima ya safari inayofanya kazi tu iwapo tiketi ilinunuliwa kwa kadi hiyohiyo, na ni watu wangapi hugundua jambo hilo wakiwa tayari wamevunjika mguu nchi za watu. Anajua ipi inakulipa begi likichelewa zaidi ya saa sita, na ipi pointi zake zinakufa kimyakimya baada ya miaka miwili usipozitumia. Kuna zile za chuma, nzito, ambazo wenyewe huzipiga juu ya kaunta ko! ili foleni nzima isikie. Hao, anasema Komeo, ndio hawajasoma masharti.

Abiria walianza kumwomba ushauri. Mfanyabiashara mmoja wa mbolea alimwekea kadi mbili mbele yake, amwambie abaki na ipi.

"Unasafiri mara ngapi kwa mwaka?" Komeo akamuuliza.

"Mbili."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Basi kwa ada ya hii nyeusi, utakuwa unakunywa chai ghali kuliko mtu yeyote niliyewahi kumkaribisha hapa."

Mtu yule alicheka, akairudisha ile nyeusi benki, na kila akipita humletea peremende. Komeo huwapa wasafishaji. Hapokei kitu mlangoni, na hapitishi mtu. Alishamrudisha mke wa msimamizi wake. Alinirudisha hata mimi, mara yangu ya kwanza kusafiri kwenda kununua vigae, maana mimi ni fundi vigae niliyepanda cheo nikawa mkandarasi. Nilifika nimejaa tabasamu na kadi yangu ya kawaida. Akaipitisha, akaniangalia, akasema kwa sauti yake ya kazini, "Samahani kaka, kadi hii haihudumiwi hapa," utadhani hatukuogeshwa kwenye beseni moja. Nilimnunia miezi miwili. Hakujali hata kidogo.

Mwaka jana macho ya mama yakaanza kufifia. Daktari alisema la kushoto halirudi na la kulia ni la kubembelezwa. Mdogo wetu wa mwisho ni muuguzi, ameolewa na anaishi mbali sana, safari ya ndege mbili. Akasema mama aende akaishi naye, pale kuna kliniki mtaa wa pili na nyumba yake haina ngazi. Komeo anaishi chumba cha ghorofa ya nne na kazi yake ni ya zamu. Mimi nalala kwenye majengo yasiyo na madirisha nusu ya mwaka. Tulikaa sote kwenye simu jioni nzima tukizunguka mbuyu, mwishowe mama mwenyewe akasema, "Nakwenda. Msinigombanie kama mfuko wa saruji."

Ikakatwa tiketi, ya kwenda tu. Mimi nimpeleke, nikae wiki mbili, nirudi. Katikati ya ndege ya kwanza na ya pili kulikuwa na kusubiri kwa saa tisa nzima kwenye uwanja wa ugenini.

Wakati huo benki mbili zilikuwa zinanibembeleza. Biashara ilikuwa imechangamka, nikawa nasafiri kila baada ya miezi miwili, kwa hiyo vijana wa suti walinifuata hadi kwenye vumbi la kukatia vigae na vipeperushi vyao vinavyong'aa. Kadi ya kijivu na kadi ya kijani, na kwa ada zake ningeweza kuchukua moja tu. Nikavichukua vyote viwili, nikapanda ngazi hadi ghorofa ya nne.

Komeo alivaa miwani, akasogea dirishani, akasoma. Alisoma hata yale maandishi ya chini kabisa ambayo hata mwandishi wake sidhani aliyasoma. Mara nyingine angeanza kuzichambua palepale, hii hivi na ile vile, hadi unatamani usingemuuliza. Siku hiyo alikawia. Kisha akavikunja vipeperushi, akanirudishia.

"Chukua ya kijani."

"Kwa nini?"

"Pointi zake ni mara mbili ukinunua tiketi. Inaruhusu wageni wawili. Ada yake nafuu kidogo."

"Na ya kijivu?"

"Ya kijani," akasema, akainuka kwenda kuangalia maji ya chai ambayo hayakuwa yameanza hata kuchemka.

Mimi si msomi, lakini vipimo navijua, na nilihisi kitu kimekaa upande. Nilipofika kwangu nikavisoma mwenyewe, kidole juu ya kila mstari. Ya kijivu ilikuwa inafungua launji kwenye viwanja mia tatu na ushei, na kile cha kusubiri saa tisa kilikuwamo, jina lake limeandikwa wazi. Bima yake ilimgusa mzazi anayesafiri na mwenye kadi. Hata kiti cha magurudumu ungeagizia kwa simu. Uwanja mmoja tu haukuwamo: wa kwetu, wa Komeo. Mkataba wa benki ile na launji yake ulikuwa umekwisha. Ya kijani ilifungua mlango wa Komeo na milango mingine mitano, na kule kwa kusubiri haikuwa na lolote.

Damu ilinichemka. Mtu anayemshauri muuza mbolea kwa haki ya Mungu, mama yake mzazi anampangia saa tisa kwenye viti vya chuma! Na sababu niliiona palepale, haikuhitaji miwani. Siku ya safari, kama Komeo angeomba ruhusa, angeishia kumuaga mama nje, kwenye mlango wa kuingilia, kwa sababu asiye na tiketi hapiti ukaguzi. Akiwa zamuni, yuko ndani. Nami nikiwa na kadi ya kijani, mama angekuwa naye chumba kimoja kwa saa tatu kabla ya ndege kuondoka. Saa tatu za mwisho. Ndizo alizozinunua kwa miguu ya mama, ambayo huvimba akikaa sana.

Nikaenda moja kwa moja kwa mama, nikammwagia yote. Alikuwa anakunja nguo zake kitandani, akizipapasa pindo kwa pindo.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza. Nachukua ya kijivu."

"Chukua anayosema dada yako."

"Mama, saa tisa! Na miguu yako hiyo?"

"Miguu ni yangu. Kule nakokwenda nitakuwa na mdogo wenu kila siku. Huyu mkubwa nitamwona lini tena, na kwa macho gani? Nataka nikakae kwake." Akanyoosha sweta, akalilaza juu ya nguo nyingine. "Na usimwambie kwamba tunajua. Ataona aibu, atakung'ang'aniza uchukue ile nyingine. Namjua, nilimzaa."

Nilikula kiapo cha kunyamaza, nimevimba mashavu. Nikachukua ya kijani.

Tulifika mlangoni kwa Komeo saa sita mchana na dakika chache, ndege ikiwa ya saa tisa alasiri. Alikuwa amepiga pasi sare hadi mikunjo ya mikono ingekukata.

"Karibuni," akasema, sauti ileile ya kazini. "Naomba kadi na pasi zenu."

Nikampa. Taa ikawaka kijani. Sikuwahi kumwona mtu akiangalia taa vile.

"Karibu sana, mama. Kuna makochi mazuri pale dirishani, unaziona ndege zinavyoruka."

"Ndege mimi sizioni," mama akasema. "Hiki kiti ni cha nani?" Alikuwa ameshika kiti cha pembeni kabisa, ubavuni mwa kaunta, ambacho hakuna abiria anayekikalia kwa sababu mlango ukifunguliwa upepo wote unaishia hapo.

"Hapo kuna baridi, mama."

"Hapa nasikia," mama akasema, akakaa.

Basi akasikiliza. Watu walikuja, Komeo akapokea, akapitisha, akakaribisha, akatoa pole. Mama alikuwa ameinamisha kichwa kama anasikiliza taarifa ya habari. Kila Komeo alipomrudisha mtu, mama aliniuliza kwa kunong'ona, "Huyo ana kosa gani?" nami nikamweleza: huyu kadi yake imeisha muda, yule kaja saa tano kabla ya ndege na sharti ni saa tatu. Mama akawa anaitikia kwa kichwa. Baada ya muda hakuniuliza tena. Alikuwa ameshaanza kuwatambua mwenyewe kwa sauti zao.

Likaja bwana moja la suti na kadi ya chuma, ko! Nyuma yake wageni watatu.

"Kadi yako inaruhusu mgeni mmoja, mheshimiwa," Komeo akasema.

"Unajua mimi ni nani?"

"Kadi imenijulisha, mheshimiwa. Na imesema mgeni mmoja."

Bwana akapandisha. Kwamba launji hii imejaa watu wasio na adabu, kwamba atapiga simu juu. Komeo akarudia maneno yaleyale, tuli, mara ya pili na ya tatu. Ndipo mama akainua kichwa kutoka kwenye kile kiti cha baridi.

"Baba," akasema, "mwanangu amekwambia mara tatu kwa adabu. Wewe umemwomba mara ngapi kwa adabu?"

Komeo aliinama kwenye mashine yake. "Mama, tafadhali," akasema.

"Nimeshanyamaza," mama akajibu, na kweli akanyamaza, lakini uso wake ulikuwa umechanua. Yule bwana aliondoka na wageni wake wote watatu wakaenda kukaa kwenye chuma kama binadamu wengine.

Saa saba mwenzake akaja kumpokea. Komeo ana nusu saa ya kupumzika kila zamu. Alimwangalia mama, akaiangalia saa ukutani, akamwambia mwenzake, "Nenda tu wewe, mimi sijachoka."

Nilimsogelea. "Nenda ukakae naye," nikamwambia kwa meno.

"Mfanyakazi hakai kwenye viti vya abiria."

"Basi mchukue mwende kwenye benchi lenu kule nyuma mkakae huko."

"Kuna foleni."

Foleni ilikuwa ya watu wawili, mmoja alikuwa ananiuliza choo kiko wapi.

Alitoka nyuma ya kaunta mara moja tu. Mama aliletewa chai na mhudumu, akawa anapapasa sukari mezani. Komeo akaja, akatia vijiko viwili, akakoroga, akageuza mpini wa kikombe uelekee mkono wake. "Ni ya moto," akasema. Mama akasema, "Asante." Akarudi kwenye mashine. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao, saa zote tatu. Kila mmoja alikuwa anajifanya amefika pale kwa bahati tu.

Ndege ilipoitwa, nilimwinua mama. Mlangoni alisimama, akatafuta bega la Komeo, akalipata.

"Unafanya kazi vizuri," akamwambia.

"Safari njema, mama," Komeo akasema, kwa sauti ya kazini. Kisha akamfunga kifungo cha juu cha sweta, akakifungua, akakifunga tena. Nyuma yetu kulikuwa na mtu na kadi yake mkononi. Tukaondoka.

Zile saa tisa simtakii hata adui yangu. Viti vilikuwa na vyuma vya kutenganisha, huwezi kujilaza. Kufikia saa ya nne miguu ya mama ilikuwa imefura hadi viatu vikagoma, nikamvua, nikaiweka juu ya begi langu. Hatua ishirini kutoka pale tulipokaa kulikuwa na launji ya vioo, na kwenye kioo wamebandika picha za kadi zinazokubaliwa. Ya kijivu ilikuwa ya pili kutoka juu. Nilikwenda na ya kijani yangu hivyo hivyo, nikijua. Dada wa mlangoni akaipitisha, akanipa pole kwa adabu kamili. Nikaanza kupandisha, mama mzee, macho, miguu, yaani nikawa yule bwana wa suti mtupu.

Mama akanisikia kutoka kule alikokaa. "Usigombane na mtu wa mlangoni!" akaniita. "Yuko kazini!"

Niliporudi akanishika mkono. "Ukirudi nyumbani, mwambie dada yako tulikaa pazuri."

Nilikaa wiki mbili, nikamwona mama amezoea njia ya chumbani hadi jikoni kwa kuhesabu hatua, nikarudi. Jumapili mchana nikapanda ghorofa ya nne. Komeo alinitengea chai, akauliza habari za mdogo wetu, za kliniki, za hali ya hewa. Kisha akauliza, akiwa amenipa mgongo, "Na pale njiani, mlikaa wapi?"

"Pazuri."

"Pazuri wapi?"

"Launji. Makochi. Mama hata akapata usingizi."

Akageuka. Aliniangalia jinsi anavyomwangalia mtu aliyekuja na kadi ya mwenzake.

"Kadi ile haifungui pale," akasema. "Nilijua siku ile uliponiletea makaratasi. Miguu ilivimba?"

Nikashindwa kusema uongo wa pili. "Ilivimba. Siku mbili."

Alivuta kiti, akakaa, mikono mapajani. Nikamhurumia jamani, hasira zangu zote za viti vya chuma zikaniishia pale. Nikaona kiapo changu kimefika mwisho wa kazi yake.

"Mama alijua," nikamwambia.

"Alijua nini?"

"Habari ya kadi. Nilimwambia jioni ileile. Akasema nichukue uliyosema wewe. Alitaka saa tatu kwako, hizo tisa atajua mwenyewe. Akanikataza nisikuambie."

Nilidhani nimempa zawadi. Nilidhani atashusha pumzi. Komeo alijiziba mdomo kwa mikono miwili, akalia kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake tangu tumzike baba.

"Alikaa pale anajua," akasema alipoweza. "Na mimi nimesimama."

"Ulikuwa kazini, dada."

"Kazi gani! Niliogopa. Nikasema nikikaa naye nitalia, nikilia ataniuliza, akiniuliza nitasema nilichofanya. Nikaona afadhali nisimame tu, anisikie nafanya kazi." Akajifuta kwa kiganja. "Ningejua anajua, ningeiacha ile kaunta tangu saa sita. Ningekaa naye, kaka. Ningemshika hata mkono."

Yeye alificha, mama akaficha. Mimi ndiye niliyejua ya pande zote mbili. Nilikuwa palepale, hatua nne kutoka kwa kila mmoja wao, nikaziacha zile saa tatu zipite kwa sababu nilikuwa nimeambiwa ninyamaze.